Mwenye baiskeli alipie lami ipi?

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayetaka baiskeli zisajiliwe na kila mwenye nayo alipe ada ya mwaka ya kutengenezea barabara, eti kwa kuwa nasi tunaitumia. Mimi ni fundi baiskeli hapa Kahama. Kijiwe changu kiko chini ya mwarobaini, kando ya barabara ya Isaka kwenda Lusahunga, na barabara hiyo naiangalia kutwa. Naomba nimjibu.

Hata mwenye gari siku hizi halipi ada ya mwaka. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na kufidia pengo ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukapandishwa Sh40 kwa lita. Gari likilala halilipi, likitembea linalipa. Naona ni haki. (Isipokuwa hayo mafuta ya taa. Bibi mwenye koroboi kijijini aliingiaje humo, mpaka leo sijaelewa.) Sasa ada aliyosamehewa mwenye Land Cruiser abebeshwe muuza mchicha?

Halafu barabara inaharibiwa na nani? Mbele yangu hapa yanapita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake hadi tani 56, na ekseli moja (chuma kinachoshika magurudumu ya kushoto na kulia) yenye tairi nne hadi tani 10. Wahandisi wanasema uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa lami unafika kama mara 16. Baiskeli yenye gunia la mkaa na mwenyewe juu haifiki hata robo tani. Madereva siwalaumu, wengine tunakunywa nao chai, na wao wanalipa kwenye dizeli.

Jumatatu nililetewa baiskeli ya muuza maziwa, rimu ya nyuma imejikunja nane, spoku 11 zimekatika. Alikuwa na madumu mawili ya lita 20 kwenye keria. Lori lilimpigia honi kwa nyuma, akatoka pembeni. Pale ukingo wa lami umeliwa, na kutoka juu ya lami hadi kwenye udongo ni kina cha kiganja kizima. Maziwa yote chini. Nimemtengenezea kwa mkopo, na sijui atanilipa lini. Huyo naye adaiwe ada ya barabara?

Nakubali jambo moja. Wateja wangu wengi hawana taa wala riflekta, na nawagombeza kila siku. Na kama usajili ni wa kuzuia wizi, namba ya fremu iandikwe kwa mtendaji wa mtaa, bure, mimi wa kwanza kuunga mkono.

Lakini ada tulishaiona. Marehemu baba aliilipia baiskeli yake halmashauri, akapewa kibati cha kufunga kwenye fremu. Wasiokuwa nacho, wakisikia mgambo wako njiani siku ya mnada, walikuwa wanashuka na kuzikokota baiskeli katikati ya mashamba ya pamba. Mgambo mmoja alishinda juani, jioni anarudi na stakabadhi mbili tatu. Barabara ya kijiji chetu haikupata hata toroli moja la kifusi.

Kibati cha baba ninacho kwenye sanduku la spana. Nakitumia kukwangulia tyubu kabla ya kupaka solushani.

Fundi baiskeli,
Kahama