Miaka Yetu Isirukwe

Masasi,
Juni 2025.

Kaka, kipa wangu,

Asalaam aleikum, na habari za siku nyingi. Huku sote wazima. Mama goti bado linamsumbua ila sokoni anakwenda na kurudi kwa miguu yake, na aliposikia nakuandikia akasema nikuulize kama bado unakula ming'oko au umeshakuwa mtu wa chipsi. Natumai Mbagala kwema, shemeji na watoto hawajambo. Kimya kimekuwa kirefu, changu na chako, hilo tutasemezana tukionana. Leo nina jambo ambalo kwa simu halifai, maana linataka utulie ulisome mpaka mwisho bila kunikatisha.

Ni kuhusu timu ya shule.

Mkuu wa shule wa sasa ameamua kwamba kwenye mahafali ya kidato cha nne mwaka huu kitolewe kitabu kidogo cha historia ya kandanda hapo shuleni, na muhtasari wake uandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa ile stoo ya vifaa vya michezo. Wazo zuri mno, na nilimwambia hivyo. Kazi amepewa mwalimu mmoja kijana, mtu wa Tandahimba, mchapakazi kwelikweli. Amezunguka kwa wazee na pikipiki yake, mafuta anajaza mwenyewe. Wiki iliyopita akaniletea rasimu nyumbani niipitie, nami nikaisoma usiku uleule.

Mwanzo wake mtamu. Anaeleza enzi za misheni na ule mpira wa ngozi uliokuwa unafungwa kwa kamba. Wazee wamemwambia ukipiga kichwa kamba ikakukuta kwenye paji la uso, unalala na alama. Anaeleza shule za misheni zilivyotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, wanafunzi wakaanza kuja kutoka kila pembe ya nchi, Msukuma kitanda cha juu, Mmakua cha chini, na mchezo wenyewe ukabadilika kwa sababu kila mtu alikuja na wa kwao. Safari za kwenda kucheza na Ndanda na Chidya zimo. Taifa Stars kwenda Lagos kwenye fainali za Afrika mwaka 1980 imo, vijana wamebanana kwenye redio ya mwalimu wa zamu. Zimo pia enzi za klabu za Bandari Mtwara na Kariakoo ya Lindi, ambapo kijana wa huku akijua kutuliza mpira aliona kuna mahali pa kwenda bila kuvuka Rufiji. UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ya miaka ya 1990 imepewa kurasa nyingi, na inastahili.

Halafu nikageuza ukurasa. Nakunakilia kama ilivyo: "Baada ya michezo ya shule kusimamishwa, shule haikuwa na timu mpaka michezo iliporejeshwa." Basi. Aya inayofuata Kikwete yuko Ikulu, UMISSETA imerudi, jezi mpya zimefika.

Haikuwa na timu! Sasa sisi tulikuwa nani?

Yule kijana simlaumu. Amefuata karatasi, na karatasi za miaka ile hazipo. Michezo ya shule ilipopigwa marufuku nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo, ratiba za wilaya zilikufa, za mkoa zikafa, hakuna kikombe kilichogombewa wala picha iliyopigwa na mgeni rasmi. Anayeandika historia kwa kuhesabu vikombe lazima aikute miaka ile tupu. Lakini wewe na mimi tulikuwa uwanjani, kaka. Kila Jumapili baada ya ibada.

Unakumbuka ule mpira? Bladda yake ilikuwa na viraka vya baiskeli kila upande, na ngozi tuliishona kwa shazia na uzi wa magunia ya korosho uliopakwa nta. Mwalimu wetu wa michezo, Mungu amrehemu, alituachia tushone sisi, ila mshono wa mwisho alishona mwenyewe. Alikuwa anaizamisha shazia, anavuta polepole, halafu fundo analisukuma kwa ukucha wa kidole gumba mpaka lilale kwa ndani. Fundo likibaki nje, alisema, litamchana anayecheza peku, na sisi wengi tulikuwa tunacheza peku. Mtu anafanya hivyo kwa ajili ya timu ambayo haipo?

Na mwezi kama huu, watu wanapulizia salfa kwenye mikorosho, upepo unaileta ile vumbi ya njano mpaka ndani ya boksi. Ndiyo maana ulikuwa unamsumbua nahodha achague goli la upande wa mlima, kipindi cha kwanza na cha pili ikiwezekana. (Penalti ya Lukuledi siitaji, usiogope. Ingawa macho yalikuwa hayawashi siku ile.)

Lakini kinachoniuma zaidi ni zile jezi. Nilimweleza yule mwalimu akabaki ananitazama. Jezi zilikuwa na jina la shule kifuani, zimebaki za kaka zetu wa UMISSETA ya mwisho. Kwa kuwa shule haikuruhusiwa kuwa na timu ya mashindano, tukienda kucheza vijijini tulizivaa ndani nje. Mishono juu, jina limegusa ngozi. Tumepanda lori juu ya magunia, Mwalimu kakaa mbele na dereva, tukifika mtangazaji anauliza timu gani hii, tunajibu vijana wa bweni. Msimu wa korosho ukikolea, wanunuzi walitoa mbuzi kwa mshindi, na wa kwetu tuliwala pamoja na wapishi wa shule. Sasa niambie, tuliificha shule ili isipate matatizo, na leo shule hiyohiyo iseme hatukuwepo?

Nimekuwa nalizungusha hili kichwani mpaka mke wangu kanichoka. Amesema, si umwambie tu mwalimu aongeze sentensi moja. Sentensi moja haitoshi, kwa sababu kuna jambo nimeliona juzi ambalo limenithibitishia kwamba hii si habari ya kutaka jina ukutani.

Nilikwenda kuwatazama vijana wakifanya mazoezi. Kipa wao kila akidaka haupigi mpira mbele. Anausukuma kwa mkono kwa beki wa pembeni, beki anampa namba sita, namba sita anageuka. Tena na tena, hata wakibanwa. Kocha wao mgeni akaniambia anafurahi kuona vijana wa kijijini wanacheza kisasa, wanaanzia nyuma kama timu za Ulaya wanazoziona kwenye televisheni. Nikamwita yule kipa, nikamuuliza nani kakufundisha kuanza hivi. Akasema, "Hakuna, ndivyo tulivyowakuta kaka zetu."

Kaka, wewe unajua ulianzia wapi huo mchezo. Ulianzia kwenye mpira wenye viraka! Ukipigwa juu ulikuwa unakata kona hewani, haufiki unakotumwa, Mwalimu akakukataza kabisa kuubutua, akasema mpira huu ni wa chini, uviringishe. Tukaushika hivyo. Tukawaachia wa nyuma yetu, nao wakawaachia wengine, na michezo iliporejeshwa wale waliovaa hizo jezi mpya walikuwa wamefundishwa na waliovaa zetu ndani nje. Mpira mpya ukaja, wenyewe wakaendelea kuviringisha. Mpaka leo. Kama kungekuwa na miaka mitupu katikati, huyu mtoto angewakutaje kaka zake?

Hiyo ndiyo historia ninayotaka iandikwe. Nilipomsimulia yule mwalimu alikaa kimya, kisha akasema, "Mzee, nakuamini, lakini nipe kitu cha kushika. Nikiandika maneno ya mtu mmoja watasema nimependelea." Ni haki yake kusema hivyo. Ana mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo kazi inakwenda kwa mchapaji.

Nimeanza kutafuta. Unakumbuka mwaka 2019 UMISSETA ya taifa ilipofanyika Mtwara, mwezi uleule Taifa Stars wako Misri kwenye fainali za Afrika, mara ya kwanza tangu ile ya 1980? Nilikwenda Nangwanda Sijaona kutazama, nikawakuta wawili wa kwetu: mmoja kavaa nguo za refa, mwingine kaja na timu ya mkoa mwingine kama mwalimu wa michezo. Tulikumbatiana pale jukwaani watu wanatushangaa. Mashindano yaliporudi Mtwara mwaka 2021 yule refa alikuwepo tena. Namba zao ninazo na nimeshawaandikia. Wa tatu ni yule wa Ruangwa, aliyekuwa anafundisha watoto mchangani kabla Namungo haijapanda Ligi Kuu. Mwaka 2020 Namungo walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Sumbawanga alinipigia simu analia, wamefungwa 2-1 na yeye analia kwa furaha. Na yule mwenzake wa Nanyumbu... basi, hilo liache, nitakusimulia ana kwa ana. Kuna mambo hayaandikwi.

Ninachotaka kwako ni vitu viwili. Cha kwanza ile picha. Ile tuliyopigwa na mpiga picha wa mnadani, bweni la pili liko nyuma yetu, wewe umechuchumaa mbele na mpira, na mishono ya jezi inaonekana wazi mabegani. Yangu ililowa mvua zilipobomoa paa la mama. Yako ulikuwa unaiweka kwenye lile begi la vyeti, usiniambie imepotea. Usiitume kwenye bahasha. Ipige kwa simu kwanza nione, halafu mpe mtu wa kuaminika kwenye basi, au uje nayo mwenyewe, ambalo ndilo ningependa.

Cha pili ni kigumu kidogo. Lile daftari la kaunta. Mwalimu aliandika kila mechi: tarehe, kijiji, waliocheza, waliofunga, hali ya uwanja, hata nani alikuja bila kunawa miguu. Mistari ameichora kwa rula na kalamu nyekundu. Nilidhani liko stoo, tukapekua na yule mwalimu kijana, tukakuta mchwa wamekula makaratasi mengi ila jalada la kaunta hatukuliona hata kipande, maana yake halikuwa pale. Mimi naamini alilichukua nyumbani alipostaafu. Wewe ndiye uliyekwenda kwenye arobaini yake na ndiye mama, mjane wake, anakusikiliza. Mimi nikienda nitaonekana nafuata mali ya marehemu. Nenda naye kwa adabu, mweleze kwamba hatulitaki kulichukua, tunataka kulipiga picha kurasa zake na kulirudisha mikononi mwake siku hiyohiyo. Akikubali, nitafurahi aalikwe kwenye mahafali akae mbele, na jina la mumewe lisomwe. Hilo nimeshazungumza na mkuu wa shule, amekubali bila kusita.

Habari nyingine za huku za kawaida. Mikorosho imeanza kutoa maua na watu wana matumaini. Mti mkubwa wa mwembe nyuma ya bwalo umekatwa, wanajenga madarasa. Yule mpishi mfupi bado yupo hai, ananiuliza kila siku kama wewe ulishawahi kunenepa.

Sasa nijibu haya, na ujibu yote. Picha unayo? Nyuma yake uliandika majina, au ni mimi nadhani hivyo? Yule winga wa kushoto aliyehamia Nachingwea, jina lake la darasani lilikuwa nani, maana sote tulimwita kwa jina la utani na kitabuni halifai? Mara ya mwisho kuzungumza na mama, mjane wa Mwalimu, ilikuwa lini, na bado anakaa na binti yake au amerudi kijijini? Unakumbuka mechi ya kwanza kabisa tuliyogeuza jezi, ilikuwa kwa watu wa Lukuledi au Chikundi? Nani alitoa lile wazo la kuzigeuza, Mwalimu au kaka mkuu? Nimebishana na refa kuhusu hilo na kila mtu ana uhakika. Na Oktoba utakuja? Nauli kama inasumbua sema mapema, tutachanga, wenzako wameshasema watachanga. Vijana wanataka kucheza na wazee siku ya mahafali, na sina kipa.

Msalimie shemeji, mwambie namwomba akufungulie lile begi la vyeti leo hiihii.

Ndimi rafiki yako,
Beki wako wa kulia.