Masanja, mashine ya 40 haitakuinua

Igombe, Mwanza
Jumapili asubuhi

Mpendwa rafiki yangu Masanja,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo, ila joto. Mama Happy anakusalimia na anauliza kama ni kweli huko Dodoma mnakula sato aliyekaa kwenye barafu wiki nzima. Boti yako ipo salama chini ya mwembe, imefunikwa turubai, na watoto nimewakataza kuifanya kivuko cha Ukerewe, ingawa sina hakika kama wananisikiliza nikiwa kazini.

Sasa swali lako la mashine ya kufunga kwenye boti. Umesema shemeji yako wa Kirumba anataka ununue ya nguvu farasi 40, ile Yamaha Enduro ya kuchanganya oili kwenye petroli, kwa kuwa ndiyo inayotumika ziwa zima. Aliyekuuzia boti naye anasema ufunge 115, uwashangaze watu wa Capri Point. Mimi nasema 70, ya mipigo minne, yaani isiyochanganywa oili na petroli, shafti ndefu. Ukiikosa kabisa, chukua 60. Chini ya hapo usishuke kama kweli unataka wanao wateleze juu ya maji kwa mbao miguuni, wakivutwa na boti, na juu ya hapo usipande.

Shemeji hajakosea kwa mambo yake. Mtumbwi wa mbao unaobeba dagaa haupandi juu ya maji, unayakata tu taratibu, na kwa kazi hiyo mashine ya 15 inatosha na ya 40 ni utajiri. Halafu Enduro ikiharibika kisiwani, kijana yeyote ataifungua gizani kwa spana mbili, na vipuri viko kila mwalo wa wavuvi. Hiyo ni sifa kubwa, usiidharau. Lakini boti yako ni ya faiba, ina tumbo la V, na imetengenezwa ipande ikae juu ya maji. Isipopanda, inasukuma kilima cha maji mbele yake, pua imetazama mbinguni, mafuta yanaisha na hakuna safari. Na hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote kwa mashine: mtu wa kuteleza yuko majini, amekaa kama gunia, na boti inatakiwa ipande yenyewe huku ikimvuta na yeye asimame. Zile sekunde chache ndizo zinazoamua ukubwa wa mashine. Akishasimama, mashine inapumua. Anayejifunza kwa mbao mbili anahitaji kama kilomita 30 hadi 35 kwa saa tu, na hata mabingwa wa mbao moja mwendo wao wa juu kwenye mashindano ni 58. Kwa hiyo anayekuuzia 115 anakuuzia mbio ambazo huna pa kuzipeleka.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar hawakwambii kwa sababu wao wako baharini. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na mashine hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu mwenyewe: ni kama asilimia 11. Ile 40 ya shemeji ikifika Mwanza inakuwa 35 na ushee. Ile 60 ni 53, na 70 ni 62. Mashine za kisasa zenye kompyuta hurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, ndiyo, lakini hewa ambayo haipo haziwezi kuitengeneza.

Nimekaa na karatasi nikapiga uzito. Boti tupu kilo 350, kama karatasi za muuzaji zinasema kweli. Mashine 120. Mafuta lita 50, karibu kilo 40. Betri, nanga, kamba na majaketi okozi, weka 40 nyingine. Watu wanne, pamoja na wewe ambaye Dodoma imekunenepesha, kilo 280. Jumla 830. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nguvu farasi moja isibebeshwe zaidi ya kilo 18 ili boti ipande vizuri, na kwa kuvuta mtu bila mashine kulia, isizidi kilo 11 hivi. Kwa kilo 18 unahitaji 46 zilizo hai. Ile 35 ya shemeji haifiki hata kwa boti peke yake, achilia mbali mtu wa nyuma. Kwa kilo 11 unahitaji 75. Ile 70, ikiwa na 62 zake za huku, iko katikati, na siku ya kuteleza mkiwa watatu tu, dereva, mtazamaji na anayevutwa, inakaribia kabisa. Wewe mwenyewe kuinuka kwa mbao moja, sahau. Wanao watainuka.

Kwa nini basi usiende 90? Nilichukua futi nikapima boti yako, maana kile kibati cha kiwandani kinachoandikwa kikomo cha mashine kimeng'olewa. Urefu futi 16, upana wa ukuta wa nyuma futi 6. Wamarekani wana hesabu yao kisheria: zidisha urefu kwa upana, unapata 96. Kama boti ina usukani na ukuta wa nyuma una urefu wa inchi 20 au zaidi, zidisha kwa 2 kisha toa 90. Unapata 102, wanapandisha hadi tano inayofuata, ni 105. Kwa hiyo 115 imeshatoka nje ya mchezo. Kama ungeshika mpini wa mashine badala ya usukani, hesabu ni nyingine: 96 mara 0.8, toa 25, unaishia 55. Ndiyo maana nakusihi usiutoe ule usukani ili kupata nafasi ya ndoo za samaki kama ulivyokuwa unawaza.

Kwa karatasi, basi, 90 inaruhusiwa. Tatizo ni ukuta wenyewe. Faiba ni ngozi ya nje tu, ndani yake kuna mbao. Nimegonga kwa kishikio cha bisibisi kuanzia juu kushuka. Upande wa kushoto unalia ko, ko, ko, mkavu. Upande wa kulia, karibu na matundu mawili ya boliti za mashine ya zamani, sauti inakuwa ya bubu, na nilipochomeka msumari kwenye tundu la chini umetoka na unga mweusi wenye unyevu. Mbao zimeanza kuoza hapo. Fundi wa faiba amekuja kuangalia, anasema kipande cha upana wa viganja viwili kinakatwa, mbao mpya inaingia, faiba inarudishiwa. Nimemwamini, ila hata baada ya kazi hiyo sitaki kuona mashine ya 90 ya mipigo minne ikining'inia pale. Hizo ziko kilo 160 na kitu. Ile Yamaha ya 70 ni kama kilo 120. Tofauti inakaribia mfuko mzima wa saruji, nao unakaa nyuma kabisa, mahali ambapo maji ya wimbi la kufuata huingilia.

Mafuta najua ndiyo yanayokuumiza kichwa. Mashine ya 60 au 70 ya mipigo minne ikifunguliwa yote hunywa kati ya lita 22 na 27 kwa saa. Ile 40 ya kuchanganya oili ikifunguliwa yote haiko mbali, inakaribia 20. Na wewe kwa mzigo wako ungeifungua yote muda wote. Hii 70 boti ikishapanda unapunguza resi hadi theluthi mbili, inatembea kwa karibu nusu ya ulaji ule. Kwenye kuvua ndiyo kabisa. Ukikokota chambo bandia kumtafuta sangara unakwenda kilomita 5 au 6 kwa saa, mashine inanong'ona tu, haikujazi moshi, na plagi hazichafuki kama za mashine ya oili inayotembezwa taratibu kutwa. Ubaya wake ni kwamba ikigoma katikati ya maji, spana mbili hazitoshi. Kwa hiyo boti ilale Mwanza, ambako mafundi wapo, na ndani weka makasia mawili ya kweli, siyo ya urembo. Kama hela itabaki, mashine ndogo ya akiba ya 6 au 8. Kama haitabaki, makasia.

Sasa hela iliyookolewa kwa kuacha 90 nunua nayo propela ya pili. Propela ina namba mbili zimegongwa juu yake, ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja. Hatua ndefu ni mwendo, hatua fupi ni nguvu ya kuinuka. Mashine huja na propela ya watu wa baharini, na kwa mwinuko wetu mara nyingi ni ndefu mno. Ifunge, pakia mzigo, fungua yote, tazama mizunguko. Kwa hiyo 70 kitabu kinataka 5,300 hadi 6,300 kwa dakika. Isipofika, shusha hatua. Inchi moja inakupa kama 200. Ile fupi uifunge siku ya watoto, ile ndefu siku ya kwenda mbali kuvua. Zote ziwe za aluminiamu. Watu wanasifia chuma cha pua, lakini Mwanza ni mawe mpaka chini ya maji, na ukigonga jiwe ni afadhali ipinde propela kuliko zivunjike gia za ndani.

Shafti nimeshasema ndefu: ukuta wako ni inchi 20, na shafti fupi ni ya ukuta wa inchi 15. Wakikuletea fupi kwa bei ya kutupa, usishawishike. Propela itakuwa inapiga hewa kila ukikata kona, na kona ndiyo kazi yenyewe unapomrudia mtu aliyeanguka.

Kuhusu pa kutelezea nina neno, maana naona kwenye barua umetaja hapa Igombe, mbele ya mwalo. Hapana. Usiku wavuvi wanatega makila, yaani nyavu, na migonzo, zile kamba ndefu za ndoano, na asubuhi si zote zimeshatolewa. Nyavu itakunasia propela, hiyo ni hasara ya pesa, lakini ndoano za migonzo na mtoto anayeburuzwa majini ni habari nyingine. Uliza mwaloni kwanza, watakuonyesha kwa kidole walikotega. Kaa mbali na matete na magugu maji: konokono wa kichocho wanakaa huko pembeni, viboko pia, na yale magugu yakiziba tundu la maji ya kupoozea, mashine inachemka. Angalia kile kimchirizi cha maji nyuma ya mashine kila dakika, kikikatika, zima. Nendeni kwenye maji marefu, asubuhi kabla upepo haujaamka. Kamba ya kuvutia iwe mita 23, imefungwa kwenye pete za boti, siyo kwenye mashine. Mwambie mwanao wa kwanza anyooshe mikono, akunje magoti, na ncha za mbao zitoke juu ya maji kabla hujavuta. Ralph Samuelson, kijana wa Minnesota aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922 kwenye Ziwa Pepin, alianguka na kuanguka mpaka alipogundua hilo la ncha. Na ile kamba ya kuzimia injini iwe mkononi mwa dereva saa zote, hata kama dereva ni wewe, hasa kama dereva ni wewe.

Usajili na ukaguzi wa boti kwa TASAC, lile shirika la serikali la mambo ya meli, nitakusaidia kufuatilia, nitumie nakala ya hati ya mauziano.

Kinachosubiri sasa ni wewe. Fundi anataka kujua mashine gani kabla hajatoboa matundu ya boliti, kwa kuwa akishafunga faiba hataki kurudia. Nijibu kabla ya Ijumaa, na kama shemeji bado anabisha mwambie apite huku, nitampa bisibisi agonge mwenyewe.

Wasalimie shemeji yangu na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
Kulwa