Barua ya Wazi kwa Wahadhiri Vijana: Kazi za Mwanzo Zikiisha, Ubingwa Utatoka Wapi?

Wanangu wahadhiri,

Nawasalimu. Nimestaafu baada ya miaka 38 mbele ya ubao, na nilijiapiza kwamba sitakuwa mmoja wa wale wazee wanaorudi chuoni kila mwezi kusimulia jinsi enzi zao zilivyokuwa nzuri. Hazikuwa nzuri hivyo. Tulisoma kutoka kwenye madaftari yaliyogeuka manjano, wanafunzi wakanakili, na mwisho wa muhula wakaturudishia maneno yetu wenyewe nasi tukawapa alama za juu. Basi nikisema neno leo, msidhani namlilia marehemu.

Naandika kwa sababu wengi wenu mmenijia na swali lilelile: tuwafundishe nini vijana hawa, ilhali kazi tunazowaandalia zinabadilika kabla hawajahitimu? Mmoja wenu anataka idara yake ivunjwe na kuundwa upya, mradi jina jipya liwe na maneno "akili mnemba" ndani yake. Mwingine amekata tamaa ya kusahihisha insha, kwa kuwa hajui tena kaziandika nani. Nawaelewa wote wawili, ila naona wote wawili wamekosea njia.

Nianze na watabiri. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine. Namba hiyo ikazunguka dunia nzima. Miaka mitatu baadaye utafiti uliofanywa kwa ajili ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ukatazama shughuli zilizomo ndani ya kila kazi, badala ya kuitazama kazi kama kitu kizima, ukapata takribani asilimia 9. Mwaka huohuo wa 2016 Geoffrey Hinton, mtu aliyechangia sana kuzaliwa kwa teknolojia hii ya akili mnemba, alisema wakati umefika wa kuacha kufundisha madaktari wapya wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa baada ya miaka mitano hivi mashine ingewashinda. Miaka mitano ikapita, na madaktari hao wakaendelea kutafutwa. Chuo ambacho kingemsikiliza kingefunga programu yake na kuwaacha wagonjwa kwenye foleni. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na seneti za vyuo vyetu zingefanya vyema kulikumbuka hilo kila anapokuja mtu na slaidi zenye mishale inayopanda juu.

Hofu yangu mimi iko mahali pengine, na ningependa nanyi muihamishie huko.

Kila taaluma ina kazi za chini ambazo hakuna mkubwa anayezitaka. Wakili chipukizi hupekua hukumu za zamani. Mhasibu mpya hulinganisha stakabadhi na daftari la benki. Mwandishi wa programu anayeanza hurekebisha makosa madogomadogo katika kazi ya wengine, na mwandishi wa habari mpya huandika habari za aya tatu ambazo hakuna anayezikumbuka kesho yake. Kazi hizo zinachosha, na ni hizohizo ambazo akili mnemba inazifanya upesi na kwa bei ndogo. Mwaka 2025 watafiti wa Stanford walichambua kumbukumbu za mishahara nchini Marekani wakaona kwamba katika kazi zinazoguswa zaidi na teknolojia hii, ajira ya vijana wa miaka 22 hadi 25 ilikuwa imeshuka kwa asilimia 13 ikilinganishwa na ya wengine, huku wakongwe katika kazi hizohizo wakibaki salama. Wachumi bado wanabishana kuhusu chanzo, na wana haki ya kubishana. Lakini hata mkikata nusu ya takwimu hiyo, swali linabaki: huyu mkongwe ambaye kila mwajiri anamtaka, alikuwa mkongwe kwa njia gani?

Kuna kisa ninachokipenda. Katika Kiingereza, neno kompyuta lilikuwa jina la mtu kabla halijawa jina la mashine: mtu wa kukokotoa hesabu kutwa. Katherine Johnson aliifanya kazi hiyo katika kituo cha utafiti wa anga cha Langley, Marekani, tangu 1953. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn alipokuwa akijiandaa kuizunguka dunia, hesabu za njia ya chombo chake zilifanywa na mashine. Glenn hakutosheka. Aliomba yule mama azirudie kwa mkono. Akisema ziko sawa, basi naye yuko tayari kupaa. Mwenzake, Dorothy Vaughan, aliyewahi kusimamia kundi la wanawake wakokotoaji, alipoiona mashine inaingia alijifunza lugha yake ya FORTRAN mwenyewe, kisha akawafundisha wenziwe.

Watu husimulia kisa cha Vaughan ili kusema "jifunzeni teknolojia mpya", na ni kweli. Mimi hukaa zaidi na ombi la Glenn. Uamuzi wa Johnson ulikuwa na uzito kwa sababu alikuwa ameshika penseli kwa miaka kabla mashine haijafika. Mnadhani yule atakayeikagua mashine mwaka 2050 ataupata wapi uzito huo, ikiwa tangu siku ya kwanza kazini amekuwa akibonyeza na kupokea?

Tena msidhani miaka peke yake inatosha. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT, programu ya akili mnemba, ndiyo iliyozitunga. Aliyeitumia alikuwa na uzoefu wa takribani miaka 30. Alijua kabisa jinsi ya kutafuta kesi, ila siku hiyo hakutafuta.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ikiwa ofisi na viwanda vinaacha kuwa mahali pa uanagenzi, yaani pa kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya mjuzi, chuo kiuchukue uanagenzi huo. Zile kazi za chini zisizo na soko tena ziwe mazoezi yetu. Mwanafunzi alinganishe hesabu kwa mkono, apekue nyaraka halisi, aandike ripoti mbaya, arudishiwe, aandike tena. Kisha, akishaweza, mpeni mashine, na mpeni kazi ya kutafuta ilipokosea. Mpangilio huo ni muhimu. Nimeona mitaala mipya inayoanza na mashine mwaka wa kwanza na kuahidi "fikra tunduizi" mwaka wa tatu, kana kwamba fikra hizo ni kopo linalofunguliwa siku fulani.

Mtaniambia: mzee, una ndoto. Darasa lina watu 400, nusu ya wahadhiri ni wa muda wanaolipwa kwa kipindi, na kupanda cheo kunategemea machapisho. Hakuna aliyewahi kupandishwa kwa kurudisha ripoti mbaya mara tatu. Ni kweli yote. Wachumi William Baumol na William Bowen walilieleza tatizo hili miaka ya 1960 kwa mfano wa muziki: kipande kilichotungwa kwa wapigaji wanne bado kinahitaji watu wanne na dakika zilezile, wakati kiwanda kinatoa bidhaa nyingi zaidi kwa saa ileile. Mishahara inapanda kote, hivyo kile kisichoharakishwa kinazidi kuwa ghali. Ualimu wa ana kwa ana ni kipande hicho cha muziki. Wakuu wa vyuo wamekuwa wakilijibu hilo kwa kuongeza viti. Mwaka 2012 wakatumaini video za intaneti zingefundisha mamilioni. Wengi walijiandikisha, wachache sana wakamaliza. Mimi nasema tofauti: mihadhara ya kusoma kutoka kwenye slaidi punguzeni bila huruma, maana hiyo mashine inaiweza, na saa mtakazookoa zipelekeni kwenye meza ya watu kumi. Kuhusu vyeo, pambaneni ndani ya seneti. Sisi tulinyamaza kwa kuwa mfumo ulitufaa, na hilo ni deni letu kwenu.

Sasa kuhusu insha. Uandishi ulikuwa zoezi, sisi tukaugeuza ushahidi wa kwamba mwanafunzi ameelewa, kwa sababu ni rahisi kukusanya karatasi kuliko kuzungumza na watu. Ushahidi huo umekufa tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na vifaa vya kunusa maandishi ya mashine havitaufufua. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kifaa chao Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima vifaa kadhaa vya aina hiyo wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilidaiwa kuwa za mashine, na hazikuwa. Fikirini ni mwanafunzi yupi anayeumia hapo. Ni yule aliyejifunza kuandika kwa sentensi fupi, salama, za kitabuni.

Nami nilikosea hivyohivyo, bila kifaa chochote. Miaka yangu ya mwisho binti mmoja wa mwaka wa pili aliniletea insha nzuri kupita kiasi. Nikamwita ofisini nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwaibisha. Nikamuuliza swali la kwanza, akajibu. La pili, akanisahihisha kwa adabu. Baada ya nusu saa nilikuwa nimechukua kalamu ninaandika anayosema. Wiki hiyohiyo nikamwita kijana mwenye insha ambayo sikuwa na shaka nayo hata kidogo. Hakuweza kunieleza maana ya neno lililokuwa kwenye kichwa cha insha yake. Mazungumzo mawili, dakika 45 kwa jumla. Yalinifundisha zaidi ya kusahihisha kwa muhula mzima, na yaliniacha nikijiuliza ni wangapi kabla yao niliowapa alama zisizo zao.

Tangu hapo sikutoa alama ya mwisho bila kumsikia mtu akiongea. Dakika kumi kila mmoja zinatosha kwa ngazi ya shahada ya kwanza. Kwa darasa la watu 60 ni saa kumi. Nilizipata kwa kufuta mtihani wa kati ya muhula, na hakuna aliyeulilia.

Najua mtakaojaribu mtaishiwa na watahini. Macho yangu yamepungua, siwezi tena rundo la karatasi, lakini masikio ni mazima. Mkipanga ratiba ya mitihani ya mdomo, wekeni kiti kimoja cha ziada mniite.

Wenu,
Mwalimu mstaafu