Mhariri, hawa mawakili wa kampuni za simu wanalipwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo nimelivumilia mpaka nimechoka. Kila nikiwasha data nakuta watu wazima na akili zao, wengine nawafahamu kabisa ni walimu na manesi, wanarushiana matusi ya nguoni kisa mtu mmoja kasema kamera ya simu fulani usiku haioni kitu. Basi, ni hilo tu. Hajagusa dini ya mtu, hajataja kabila, kasema kamera. Hata chai haijapoa keshaitwa maskini, mshamba, ana wivu, kalipwa na wapinzani, na kuna wale wa eti nunua kwanza ndo uongee. Kwa hiyo sasa hivi ukitaka kusema simu ina kasoro lazima uonyeshe risiti?

Sasa mi nauliza kwa nia njema kabisa, hawa mawakili, yaani mashabiki wanaoitetea kampuni ya simu kufa na kupona, wanalipwa na nani? Maana Apple wanao, Samsung wanao, Tecno na Infinix wanao, Xiaomi ndo usiseme, na wote wanafanya kazi usiku na mchana, bando lao, muda wao, na kampuni yenyewe haijui kama wapo duniani.

Watu husema ah, hiyo ni kama Simba na Yanga tu. Mi nakataa. Mwananchi, yaani mtu wa Yanga, timu ikifungwa yeye ndo wa kwanza kumsema kocha, anataka viongozi wajiuzulu, anakutajia na mchezaji wa kuuza kesho asubuhi. Ukitaka kusikia ubaya wote wa Simba kamuulize mwanasimba jioni ya kipigo. Shabiki wa simu hana uungwana huo, simu ikichemka mpaka haishikiki anakwambia hiyo ni prosesa kubwa inafanya kazi, wakitoa chaja kwenye boksi anakwambia kampuni inatunza mazingira.

Na hapo kwenye chaja ngoja nikae kidogo. Oktoba 2020 Apple walitoa iPhone 12 bila kichwa cha chaja ndani ya boksi. Samsung wakacheka, wakaweka posti yenye picha ya chaja, yaani kwetu hii unaipata. Mashabiki wa Samsung wakaichukua ile picha wakaenda nayo vitani, wiki nzima ni kejeli. Haikufika hata miezi minne, Januari 2021 Galaxy S21 ikatoka, fungua boksi, chaja hakuna, na ile posti keshaifuta mwenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa tundu la earphone hivyo hivyo, Novemba 2017 Samsung walitoa tangazo la kumcheka mtu wa iPhone anayehangaika na kiwaya cha kuunganishia, Agosti 2019 Note 10 ikaja bila tundu. Sasa niambie wale waliogombana na mashemeji zao kwa ajili ya tundu na chaja waliambiwa samahani na nani. Hakuna. Na kilichonishangaza mimi ni kwamba hawakunyamaza hata siku moja, waligeuka tu wakaanza kueleza kwanini chaja siyo muhimu.

Halafu hao wakubwa wenyewe wala hawana ugomvi huo mnaoufikiria. Apple na Samsung walikuwa mahakamani kule California kuanzia 2011 mpaka wakapatana 2018, kesi ya kuigana maumbo na vitu vya kwenye skrini, na miaka hiyo hiyo Samsung alikuwa anatengeneza chipu za iPhone, na iPhone X ya 2017 ilivyokuja na kioo cha OLED, hicho kioo Samsung ndo kauza. Sensa za kamera za iPhone anatengeneza Sony. Google mwenye Android, ule mfumo unaoendesha simu za Samsung, Tecno na wenzao, kwa karatasi zilizotolewa kwenye kesi yake kule Marekani, mwaka 2022 alimlipa Apple dola bilioni 20 ili iPhone ikifungua Safari, ile programu yake ya kuingilia mtandaoni, itafute kwa Google. Bilioni ishirini kwa mwaka mmoja, wanakula meza moja, alafu wewe wa Tabata umemblock binamu yako kisa kasema Android ni ya maskini.

Tuje kwenye kuwashambulia wakosoaji maana hapo ndo kuna shida kubwa. Mwaka 2024 kule Marekani kampuni moja inaitwa Humane, waanzilishi wake walitokea Apple, walitoa kidude cha kubandika kifuani, eti kitachukua nafasi ya simu, unaongea nacho kinakujibu na kinakumulikia maandishi kwenye kiganja. Bei dola 699 na juu yake dola 24 kila mwezi, yaani kwa hela yetu ya wakati ule karibu milioni na laki nane hata hujaanza kulipia mwezi. Aprili yule Marques Brownlee, ambaye anapima vitu hivi YouTube kwa miaka mingi, akakipima na akasema wazi ni bidhaa mbovu kuliko zote alizowahi kupima, kwa sasa. Alieleza sababu zake moja moja, kinachelewa kujibu, kinakosea majibu, kinapata joto, betri inaisha. Ikawa kelele. Jamaa mmoja aliyewahi kuwa injinia wa Amazon akaandika kwamba kwa mtu mwenye wafuasi milioni 18 kusema vile ni karibu na kukosa maadili kabisa, maana anaua kampuni changa. Watu wakagawanyika, wengine wakamtetea, wengine wakasema anapenda kuvunja ndoto za watu.

Kumbe mfanyakazi wa Humane mwenyewe alikuwa keshaandika hadharani kwamba lawama zile ni za haki, nzuri na mbaya zote. Mwenye mali kakubali, mpita njia kakataa.

Na kilichofuata? Juni mwaka huo huo kampuni ikawaambia wateja waache kutumia kile kikasha cha kuchajia kwa sababu betri yake inaweza kushika moto. Februari 2025 HP wakanunua mali za kampuni kwa dola milioni 116, na tarehe 28 mwezi huo huo vidude vyote vikazimwa kwenye seva, hata kama chako kizima hakiunganishi kitu tena. Waliorudishiwa hela ni wale tu waliopokea mzigo ndani ya siku 90 za mwisho, wengine wakabaki na bruchi ya gharama. Sasa kati ya yule aliyesema usinunue na yule aliyesema usimseme, nani alikuwa rafiki wa mnunuzi?

Mfano mwingine ni betri za iPhone. Watu walilalamika miaka kwamba simu ikizeeka inakuwa nzito na wakaitwa wana nadharia za ajabu ajabu, eti simu haijazubaa ni wewe umejaza picha. Desemba 2017 mtumiaji mmoja alibadilisha betri ya iPhone 6s akaona kasi imerudi, akaweka vipimo vyake mtandaoni watu wakaviona, John Poole wa Primate Labs, kampuni ya programu za kupima kasi ya simu, akachimba kwa data nyingi zaidi, na siku chache baadaye Apple wakakiri kwamba kweli apdeti zao zinapunguza kasi betri ikichoka, wakasema ni ili simu isijizime ghafla. Sababu ile kiufundi ina maana, mi siipingi, ila hawakumwambia mtu. Wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 mpaka 29, Ufaransa wakawapiga faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, na Marekani wakakubali kulipa mpaka dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja. Hiyo yote imeanzia kwa mlalamikaji mmoja ambaye angewasikiliza mashabiki angefuta posti yake akalale.

Na msije mkasema namsema Apple peke yake maana najua mmeshaanza. Agosti 2020 kampuni ya usalama wa simu ya Secure-D ilitoa taarifa kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa nchi kama Ethiopia, Ghana, Kameruni, Misri na Afrika Kusini zilikutwa na virusi vimekuja navyo toka kwenye boksi, vinakula data na kumuunganisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Transsion, ambao ndo wenye Tecno, Infinix na itel, walisema tatizo limetoka kwa msambazaji mmoja kwenye mnyororo wao na kwamba marekebisho walishatoa. Sawa. Lakini fikiria mama wa watu anaweka vocha asubuhi, mchana salio halipo, anaulizia anaambiwa ah wewe hujui kutumia simu. Hawa mama zetu wangapi wamefokewa na wajukuu zao.

Nasema hivi huku najua Transsion wametufanyia mengi, laini mbili, betri inayokaa na chaji, kamera iliyojifunza kumpiga picha mtu mweusi akaonekana sura siyo meno tu, bei ambayo mwalimu anaifikia. Kusifia ruhusa. Ninachokataa ni hii tabia kwamba ukishasifia huruhusiwi tena kulalamika, na ukilalamika basi umehamia kwa wapinzani.

Kwanini mi naliona hili ni kubwa kwetu kuliko kwa wenzetu? Ulaya mtu akinunua simu mtandaoni ana siku 14 za kuirudisha hata kama ni rangi tu haijampendeza, na sheria inampa dhamana ya miaka miwili. Yeye akigombana mtandaoni ni burudani. Sisi tunaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey pale, unahesabu hela uliyotunza mwaka mzima au ya mchezo, unapewa risiti kama una bahati na chini imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Macho matatu, yaani iPhone ya kamera tatu, used ya Dubai, hujui betri ya nani, kioo kimebadilishwa wapi. Ukifika nyumbani ikagoma hiyo ni ya kwako na Mungu wako. Kwa hiyo ulinzi wa karibu alionao mnunuzi wa Tanzania ni maneno ya aliyetangulia kununua, na hayo maneno ndo haya mashabiki wanayazima kwa matusi. Binti wa kaka yangu alieleza tu kwamba simu yake mpya, siitaji kampuni, kioo kimeanza kuweka mstari wa kijani baada ya apdeti, akaambiwa simu kahongwa ndo maana hajui thamani yake. Akafuta. Waliokuja kununua simu ile ile baada yake hawakuona chochote cha kuwashtua.

Hilo la kuhongwa nalo sijui mnaliona ninyi mnaoandika magazeti, mwanamke akikosoa simu anaulizwa kanunuliwa na nani, mwanaume akikosoa anaulizwa mshahara wake.

Na hii kauli ya kalipwa. Wapo wanaolipwa, mi siyo mtoto. Ila angalieni jinsi inavyotumika, anayesema vibaya ndo anaulizwa kalipwa na nani, anayesifia haulizwi. Wakati ukikaa ukafikiria kidogo, msanii aliyepewa simu bure, akapelekwa hotelini kwenye uzinduzi, akapewa na nauli, huyo ndo wa kuuliza. Kule Marekani mtu akipewa kitu akitangaze anatakiwa aseme wazi kwamba kapewa. Hapa unaona mtu anaandika tu simu yangu mpya jamani nimeipenda, mioyo mitatu, na kesho anaposti akiwa ameshika ya kampuni nyingine.

Sasa Mhariri nakuja kwenu, na msinichukie. Ninyi nanyi mnachangia. Kampuni ikitoa simu mnaandika habari nzima, picha nne, megapikseli, rangi zinazopatikana, na maneno ya meneja masoko, bila kuwa na mwandishi aliyeshika ile simu hata siku moja. Hiyo mi naiona ni tangazo limevaa nguo za habari. Mkiweka tangazo wekeni neno tangazo juu yake tujue.

Ninachoomba ni kona, hata robo ukurasa kila wiki, mwandishi wenu anunue simu kwa hela ya gazeti kama mteja wa kawaida, asiseme yeye ni nani, akae nayo miezi mitatu minne kwenye joto letu la Februari, umeme umekatika, daladala imejaa, mtandao unayumba, aangalie betri, aangalie inapokea apdeti ngapi, akaipeleke kwa fundi aulize kioo chake bei gani na kinapatikana au mpaka kiagizwe China. Afungue na sanduku la malalamiko ya wasomaji, yakifika mengi ya aina moja yapelekwe kwa kampuni na majibu yao mtuwekee hapo hapo, na FCC, ile Tume ya Ushindani ya hapa kwetu, nao wapelekewe nakala maana kumlinda mlaji ndo kazi yao. Na kampuni ikinuna ikaondoa matangazo yake kwenye gazeti, iandikeni jina, wiki hiyo mi nitanunua nakala mbili.

Msomaji wenu,
Tabata Segerea, Dar es Salaam