Saa uliyoona ndiyo uandike

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Idrisa,

Jumapili unapanda treni ya Dodoma, na begi lako nimelifungua mara mbili. Si upekuzi, baba. Nilikuwa natafuta pa kuweka shuka nikakutana na daftari lako la miezi minne inayozunguka sayari ya Mshtarii (Jupita). Nimemwonyesha mjomba wako, akasema mwandiko kama huo haujawahi kutokea kwenye ukoo wetu. Lakini safu ya saa imeniudhi. Usiku kumi na saba, na kila usiku umeandika saa 3:00. Nani huyo anayefika kwenye darubini saa tatu kamili siku zote hizo, tena katika nyumba hii?

Unajua Io, ule mwezi ulio karibu zaidi na sayari kati ya hiyo minne, humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu. Inapopita karibu na sayari, kwa saa moja husogea karibu nusu ya upana wa Mshtarii. Sasa "saa 3:00" ambayo kweli ilikuwa 3:50 inaweka nukta mahali pasipo pake, halafu utaanza kulaumu stendi. Stendi ni mbovu, sikatai, na aliyeichagua kwa ajili ya bei unamjua. Ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati ya miguu yake, mtikisiko utapungua. Saa, hata hivyo, haikuharibiwa na stendi. Na kama kuna mtu alikuita ukafunge koki ya tangi ukiwa katikati ya kupima, ulipaswa kurudi na kuandika saa uliyorudi.

Kukisia umbali kwa macho sasa uache. Tumia lenzi ya milimita 25, si ile ya 10, maana ya 10 huonyesha kipande kidogo zaidi cha anga. Usiamini kulia na kushoto, kwa sababu kile kioo cha pembeni hugeuza picha. Iache darubini bila kuigusa. Upande ambao sayari inatoka nje ya duara unaloliona kwenye lenzi ndio magharibi. Hapo hapo pima kwa saa ya kwenye simu: sekunde ngapi kati ya mwezi kugusa ukingo wa duara hilo na katikati ya sayari kugusa ukingo ule ule. Rudia mara tatu uchukue wastani. Sayari itoke katikati ya ukingo. Ikitoka juu au chini zaidi, mviringo wa ukingo utakudanganya. Mshtarii ikiwa karibu nasi, Io haizidi sekunde 9 hivi, Europa 14, Ganymede 23, na Callisto 40. Acha grafu iwe ya sekunde hizo hizo. Ukigawanya kwa upana wa sayari utaharibu, kwa kuwa sayari yenyewe huvuka kwa sekunde 3 tu na kidole hukosea robo sekunde.

Kwenye grafu, siku zishuke chini, miraba minne kwa siku, magharibi upande mmoja, mashariki upande wa pili. Weka nukta bila majina. Callisto itajitaja yenyewe, ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote na kurudi baada ya siku 16 na saa 16 na nusu. Kwa hiyo siku kumi na saba ni mzunguko mmoja tu. Nataka mwezi mzima. Io ndiyo yenye hila. Ukiiangalia mara moja kwa usiku itaonekana kama inarudi nyuma kwa mzunguko wa siku 2.3. Angalia saa mbili usiku, kisha saa sita usiku, hila itakwisha.

Tarehe 14 mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Nakumbuka kwa sababu ndoo zote zilijaa. Wewe una nukta nne usiku huo. Idrisa! Galileo, aliyeigundua miezi hii, alianza tarehe 7 Januari 1610, tarehe 9 mawingu yakamfunika, naye akaandika mawingu. Mwezi wa nne wa Mshtarii hakuuandika mpaka alipouona tarehe 13. Ukiona mitatu, andika mitatu: mmoja huenda uko mbele ya sayari, au nyuma yake, au ndani ya kivuli chake. Rømer, mwanaastronomia wa Denmark, mwaka 1676 aligundua kwamba mwanga huchukua muda kusafiri, na alichokuwa nacho ni saa za kupatwa kwa Io zilizoandikwa kama zilivyotokea.

Ukilinganisha na majedwali, saa 3 usiku ni 21:00 kwetu na 18:00 Greenwich. Usitoe tatu kwenye tatu.

Dodoma ni kukavu, umande hautakusumbua kama hapa, ila baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Sweta la kijani liko chini kabisa. Lenzi nimezifunga ndani ya soksi, usimpe mtu begi hilo. Umeme umebaki yuniti sita, baba yako atanunua kesho, au atasema atanunua. Penseli mbili nimekuwekea. Kifutio nimekitoa. Chapati ziko kwenye hotipoti, uzile siku hiyo hiyo, na hotipoti yenyewe mpe dada yako Mwajuma akija mwisho wa mwezi, ni ya jirani.

Mama yako