Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Pangani: nyasi za watu wasiokuwepo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Nakuandikia kutoka ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa kusini. Kaskazi imeshaanza kuvuma na nyasi zinakauka. Januari na Februari watu huku huandaa mashamba wakisubiri masika, na wengi huyaandaa kwa kiberiti. Siwalaumu. Mwenye jembe moja na ekari tatu za magugu ataomba trekta kwa nani? Ila upepo haujui mpaka wa shamba.

Mwaka jana moto ulimtoroka mtu shambani, ukala nyasi mpaka ukingoni mwa uwanja wa jirani yangu, ukafa wenyewe. Uwanja ule ni mchanga mtupu. Mama mwenye nyumba hufagia kila alfajiri hata kama halijaanguka jani. Tukadhani tumepona. Kidogo tu, jiko la nyuma likaanza kufuka moshi paani. Cheche ilikuwa imeruka ikatua kwenye makuti. Vijana walipanda na mapanga wakalivua paa lote, sisi tukirusha ndoo za maji na mchanga, na nyumba kubwa ikasalimika. Jiko lilikwenda. Aliyeumia ni kijana mmoja, alichubuka goti, na mpaka leo anasimulia utadhani katoka vita vya Kagera.

Cheche ndiyo adui. Hata Marekani, ambako mwaka 2018 mji wa Paradise huko California uliteketea na watu 85 wakafa, wataalamu wanasema nyumba nyingi hushika kwa cheche zinazotangulia mbele ya moto. Wanawahimiza watu waache kama mita moja na nusu kuzunguka ukuta pasiwe na kitu cha kuungua. Mama zetu wanafagia zaidi ya hapo na hakuna aliyewapa semina.

Baada ya jiko lile tukaitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kuni, vifuu na marundo ya makumbi tuliyokuwa tumeyaegemeza kwenye kuta za majiko tumeyahamishia mbali. Anayetaka kuchoma shamba anamwambia kwanza mwenyekiti wa kitongoji na majirani, anafyeka na kulima ukanda kulizunguka mpaka udongo uonekane, anachoma asubuhi upepo haujaamka, na haondoki mpaka majivu yapoe. Kila mzee asiyeweza kukimbia ana kijana wake wa kumtoa. Tunaambiwa pia tuezeke bati; tunashukuru kwa ushauri, lakini bati ni fedha, kuti ni mnazi wangu mwenyewe.

Namba 114 ya zimamoto watoto wanaijua kwa kichwa. Lakini paa la makuti halingoji gari livuke mto.

Sasa lililonifanya niandike. Katikati ya nyumba zetu kuna viwanja walivyonunua watu wa mbali. Wameweka nguzo za mipaka wakaenda zao, nyasi zimempita mtu kichwa. Tumefagia kwetu, kwao tumezungukwa. Mmoja alipopigiwa simu alisema atakuja Idd. Idd imepita. Mwingine, tulipomfyekea kwa hisani, alituuliza nazi zake ziko wapi. Tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kuingiza panga kwenye kiwanja cha mtu.

Ninakuomba mambo mawili. Mwanasheria wa halmashauri atusaidie kuandika sheria ndogo ya kijiji: mwenye kiwanja afyeke kabla kaskazi haijashika, asipofyeka kijiji kifyeke na yeye alipe gharama. Tukijiandikia wenyewe naogopa itarudishwa kwa kukosa kifungu fulani. Na kwa kuwa sheria haipiti kwa wiki moja, msimu huu tupatie barua yenye muhuri wako, ituruhusu kuingia kwenye viwanja hivyo tukiwa na mtendaji wa kijiji, tufyeke nyasi tu. Mnazi hatugusi, na nazi zikianguka tutazihesabu mbele yake.

Vijana wamevihesabu viwanja vyenyewe, ni 11. Ukipata nafasi njoo uvione, ila usije na msafara, njia ni nyembamba. Anza na kile kilicho nyuma ya madrasa.

Wako,
Mkazi wa ng'ambo ya Mto Pangani