Mikataba ya kurejesha pwani ilipie miti iliyo hai, si miche iliyopandwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ubia wa serikali na kampuni binafsi katika kuhifadhi na kurejesha mazingira ya pwani, hasa misitu ya mikoko. Ubia wenyewe siupingi. Serikali ndiyo yenye mamlaka juu ya fukwe na misitu hiyo, lakini mara nyingi bajeti yake haitoshi hata kuwalipa walinzi. Kampuni zina fedha, mitambo na wahandisi, ila hazina mamlaka ya kuamua nani avue wapi na nani akate nini. Kinachonikera ni namna kazi inavyopimwa. Karibu kila taarifa ya miradi hii hutaja idadi ya miche iliyopandwa, na ni nadra kukuta inayotaja idadi ya miti iliyo hai baada ya miaka mitano.

Anayeijua mikoko ataelewa kwa nini hesabu hizo mbili hutofautiana sana. Mikoko haioti popote palipo na tope na maji ya chumvi. Kwa kawaida hukaa kati ya usawa wa wastani wa bahari na pale maji ya bamvua yanapofikia, na kila aina ina ukanda wake: mlilana husimama mbele, mkoko wenye mizizi ya magongo hufuata, mkandaa hukaa nyuma zaidi, na mchu, ambao huvumilia chumvi kuliko wenzake, waweza kuukuta upande wa bahari na upande wa nchi kavu pia. Sasa mradi unapotafuta mahali pa kupanda, panapopatikana kwa urahisi ni lile tope tupu la chini, linaloonekana maji yakipwa tu, ambalo hakuna anayelidai. Lakini tope hilo halikubaki tupu bure. Mche unaozama kwa saa nyingi kila siku hukosa hewa, mawimbi huung'oa, na pengine palikuwa na nyasi za baharini ambazo ni malisho na maficho ya samaki, nazo zikakanyagwa siku ya kupanda.

Panapofaa zaidi ni yale mabwawa ya kamba na mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa, ambako mikoko ilikuwapo kabla ya kufyekwa. Shida ni kwamba maeneo hayo yana hati, yana wenyewe, na mengine yana kesi mahakamani. Kuyapata kunaidai serikali itumie mamlaka yake dhidi ya watu wenye uwezo, na ndiyo maana kwenda topeni na miche huonekana afadhali.

Sri Lanka ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha nyingi zilielekezwa kwenye upandaji wa mikoko kando ya bahari. Watafiti waliokagua maeneo 23 ya miradi hiyo miaka kadhaa baadaye walikuta maeneo 9 hayana mche hata mmoja uliobaki hai, na katika mengi ya yaliyobaki miche iliyopona ilikuwa michache. Miche ilipandwa mahali pasipofaa, aina zilichaguliwa kwa wepesi wa kupata mbegu, na matunzo hayakuwapo. Sidhani kama kuna hata eneo moja kati ya hayo lililokosa sherehe ya uzinduzi.

Kuna pwani nyingine ambako kupanda hakuhitajiki kabisa. Barabara au tuta likiziba mkondo wa maji, msitu wote wa nyuma yake hukauka au huoza. Likitobolewa na kuwekwa makalvati ya kutosha, maji yanayojaa hurudi na mbegu zake, na msitu hujiotea wenyewe mradi miti mama iko karibu. Hiyo ndiyo kazi ambayo kampuni ya ujenzi yenye mitambo yake ingeifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Tatizo ni kwamba kalvati halipendezi pichani.

Mfano wa malipo yanayofuata matokeo uko karibu nasi. Katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za hewa ya ukaa tangu mwaka 2013, kutokana na hekta 117 za msitu wa serikali ambazo jamii inazisimamia kwa makubaliano na mamlaka ya misitu. Wanunuzi hulipia ukaa ambao msitu umeuhifadhi, yaani hulipia msitu uliopo, na mapato hayo yamegharimia maji na shule vijijini. Tena wanakijiji wamepanda mivinje ili wapate kuni na miti ya kujengea bila kuingia kwenye mikoko, jambo ambalo wapangaji wengi wa miradi hulisahau. Mradi ni mdogo, nakubali, na fedha zake si za kutajirisha mtu. Lakini msitu ukikatwa leo, kesho hakuna cha kuuza, na kila mhusika analijua hilo.

Hata jimbo la Quintana Roo nchini Mexico, lililokata bima ya miamba ya matumbawe, lilifungamanisha malipo na kitu kinachopimika: kasi ya upepo wa kimbunga. Kimbunga Delta kilipopiga mwaka 2020, bima ililipa takriban dola 800,000, na vikosi vilivyokuwa vimefunzwa tayari viliingia majini kuunganisha vipande vya matumbawe vilivyovunjika.

Ninachopendekeza si kigeni kwa wanaosaini mikataba hii. Katika ujenzi, mkandarasi halipwi fedha zote siku ya kukabidhi daraja. Sehemu huzuiliwa mpaka muda wa kuangalia kasoro upite. Kwa nini msitu ulipwe siku ya kupandwa? Mkataba uzuie sehemu kubwa ya malipo, au ya sifa kama kampuni ndiyo inayofadhili, hadi mwaka wa tano, na hesabu ifanywe na mtu asiyelipwa na upande wowote kati ya hizo mbili. Mkataba wenyewe uwekwe wazi, pamoja na ramani na hali ya eneo kabla ya kazi kuanza, maana bila hiyo huwezi kujua kilichoongezeka. Wavuvi na wanawake wanaookota chaza na kaa waulizwe kabla ya eneo kuchaguliwa. Wao ndio wanaojua maji yanasimama wapi na kwa muda gani, na ndio watakaofungiwa mlango iwapo hifadhi itatangazwa bila wao.

Lipo pia suala la kampuni inayofukia ufuo mmoja kwa ajili ya bandari au hoteli, kisha ikapanda miche ufuo mwingine na kusema imelipa. Mkoko mkubwa ulioondolewa umeshikilia tope la miongo mingi, na mche wa mwaka mmoja hauwezi kuhesabiwa kuwa badala yake. Serikali inayokubali mabadilishano ya namna hiyo imeuza kibali na kukiita ubia.

Nawe, Mhariri, nina ombi kwako. Gazeti hili likichapisha tena picha ya viongozi wameshika miche topeni, liandike tarehe na mahali hasa, kisha miaka mitatu baadaye limtume mpiga picha asimame palepale, maji yakiwa yamekupwa.

Msomaji wako wa siku nyingi